Kulipia gemu kabla haijatoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyekwisha kuona trela, akaipenda gemu, na sasa anashawishika kulipa ilhali tarehe ya kutoka bado iko mbali. Yamemlenga zaidi mchezaji wa Kenya, Tanzania na majirani zao, anayepata shilingi na kulipa dola.

Kwa kifupi: nilipie sasa au nisubiri?

Subiri.

Gemu ya kupakua haiishi ghalani. Faili itakayouzwa siku ya kwanza ndiyo itakayouzwa siku ya kumi kwa bei ileile, na baada ya miezi kadhaa mara nyingi kwa bei ya chini. Anayelipa mapema anaacha dola 60 au 70 zake zikae kwa mwenye duka, na anachopata ni vazi la ziada la mhusika pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza kugundua kwamba gemu inagandaganda. Anayesubiri siku mbili tatu anasoma maoni ya waliotangulia, anamtazama mtu akicheza YouTube, kisha anaamua.

Zipo hali ambazo jibu hili hugeuka: una kibanda cha gemu, unataka konsoli yenyewe (mashine ya kuchezea gemu, kama PlayStation, yaani PS4 au PS5), au unataka toleo la sanduku lenye nakala za kuhesabika. Zimejibiwa huko chini.

Kama mnunuzi hafaidiki, mbona maduka yanaipigia debe?

Zamani alifaidika kweli. Gemu zilipokuwa za kaseti na diski, duka lilihitaji kujua liagize nakala ngapi, na mteja aliyetanguliza pesa alikuwa na hakika kwamba nakala yake itamngoja. Sababu hiyo ilikwisha watu walipohamia kwenye kupakua. Desturi ikabaki, maana wauzaji walikuwa wamegundua utamu mwingine: pesa inaingia kabla mtu yeyote hajaigusa gemu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Cyberpunk 2077, iliyotoka tarehe 10 Desemba 2020. Oda za mapema zilifika milioni 8. Mara tu baada ya gemu kutoka, CD Projekt, kampuni ya Poland iliyoitengeneza, iliwatangazia wanahisa wake kwamba mapato ya oda hizo peke yake yameshazidi gharama za kuitengeneza na za kuitangaza kwa mwaka ule. Kwa hiyo wakati wenye PS4 ndio kwanza wanaona gemu ikijizima mikononi mwao, kampuni ilikuwa imesharudisha pesa yake. Sisemi walikusudia hivyo. Nasema malalamiko yalifika wakati hayana tena uzito kwenye hesabu.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 Square Enix ilitangaza mpango wa Deus Ex: Mankind Divided ambapo zawadi zingefunguka hatua kwa hatua kadiri oda zinavyoongezeka duniani, na hatua ya mwisho ilikuwa kuitoa gemu siku 4 mapema. Yaani wewe ulipe, kisha ukawashawishi wenzako nao walipe. Wachezaji wakaja juu, na kufikia Oktoba mwaka huohuo mpango ulifutwa.

Cyberpunk si ilikuja kurekebishwa? Sasa kila mtu anaisifu.

Ilirekebishwa, tena vizuri. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023 na nyongeza ya Phantom Liberty iliyofuata siku chache baadaye vimeifanya gemu nyingine kabisa. Lakini tazama nani alipata nini.

Aliyelipa 2020 akiwa na PS4 alinunua mbuzi kwenye gunia. Kabla ya siku ya kutoka wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kompyuta tu, kwa hiyo alama za juu alizoziona zilihusu mashine ambayo yeye hana. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa gemu kwenye PlayStation Store na kuanza kuwarudishia watu pesa. Haikurudi hapo hadi Juni 2021. Aliyesubiri hadi 2023 aliikuta imekamilika, inakwenda vizuri, na kwenye misimu ya punguzo bei yake ilikuwa imeshuka sana. Hawa wawili wanamiliki gemu moja. Wa kwanza alilipa zaidi akapata ile mbovu.

No Man's Sky ilipita njia hiyohiyo. Ilitoka Agosti 2016 baada ya maelezo yaliyowafanya watu waamini kwamba wataweza kukutana humo angani. Siku ya kwanza wachezaji wawili walijipanga, wakafika mahali palepale kwenye sayari moja, na hawakuonana. Kucheza pamoja kwa maana kamili kulikuja na sasisho la Julai 2018. Hello Games, watengenezaji wake, wanastahili sifa, kwa kuwa wameendelea kuongeza vitu kwa miaka mingi bila kutoza senti. Lakini hata hapo, anayesema "itarekebishwa baadaye" amekwisha kutoa sababu ya kununua baadaye.

Studio hii haijawahi kuniangusha. Bado nisubiri?

CD Projekt yenyewe ilikuwa studio ya aina hiyo. Mwaka 2015 ilitoa The Witcher 3, na miaka mitano iliyofuata hakuna kampuni iliyopendwa na wachezaji kama ile. Imani hiyo ndiyo iliyozaa oda milioni 8. BioWare walikuwa na Mass Effect kabla ya kuleta Anthem mwaka 2019. Rocksteady walikuwa na gemu za Batman kabla ya Suicide Squad mwaka 2024.

Jina juu ya sanduku halibadiliki, watu walio ndani hubadilika. Mkurugenzi aliyeipa gemu ya zamani ladha yake huenda ameshaondoka, na nusu ya timu huenda ni wageni. Pengine wameambiwa watengeneze kitu wasichokizoea, hasa gemu ya mtandaoni ya kuuza vitu kila msimu. Ukitaka kuiamini studio, tazama kama inatengeneza aina ileile ya gemu iliyoipatia sifa. FromSoftware walipoleta Elden Ring Februari 2022 walikuwa wakifanya kazi waliyoifanya kwa zaidi ya miaka kumi, na tayari walikuwa wamewapa baadhi ya wachezaji nafasi ya kuijaribu mtandaoni Novemba 2021. Kulipia ile mapema hakukuwa kamari kubwa.

Dalili zipi zinaonyesha mapema kwamba kuna tatizo?

Iliyo kubwa ni saa ambayo wahakiki wanaruhusiwa kuzungumza. Kampuni huwapa gemu kabla ya umma, kwa sharti kwamba wasichapishe chochote hadi saa fulani. Saa hiyo ikiwekwa wiki moja kabla ya gemu kutoka, kampuni inajiamini. Assassin's Creed Unity, Novemba 2014, ilikuwa imeshaanza kuuzwa Marekani tangu usiku wa manane, lakini wahakiki walifungwa mdomo hadi saa sita mchana siku hiyohiyo. Walipofunguliwa ndipo ulimwengu ukaona zile nyuso zisizo na ngozi, zimebaki macho na meno. Baadaye Ubisoft iliwapa watu nyongeza ya Dead Kings bure kama kuomba radhi.

Ya pili ni mashine inayofichwa. Una PS4, Switch au kompyuta ya hali ya chini, na kila video unayoonyeshwa imerekodiwa kwenye kompyuta ghali? Basi hujaonyeshwa gemu utakayoicheza wewe. Batman: Arkham Knight ilikuwa nzuri kwenye konsoli mwaka 2015, lakini toleo la kompyuta lilikuwa bovu kiasi kwamba Warner Bros. walisimamisha mauzo yake Juni na kuyarudisha Oktoba.

Ya tatu ni trela isiyoonyesha mtu akicheza. Katuni nzuri, muziki mzito, tarehe, kitufe cha kununua. The Day Before ilikuwa miongoni mwa gemu zilizotamaniwa kuliko zote kwenye orodha za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ilitoka tarehe 7 Desemba 2023, na tarehe 11 studio yake ilitangaza kufunga milango.

Kinyume cha dalili hizi ni onjo la bure. Final Fantasy XVI ilitoa sehemu yake ya mwanzo bure Juni 2023 kabla ya kutoka, na ulichocheza kiliendelea ukinunua gemu kamili. Kampuni inayofanya hivyo imekupa kipimo. Kitumie kabla ya kulipa.

Lakini bonasi za oda ya mapema hazipatikani tena baadaye.

Baadhi hazipatikani, nyingi huja kuuzwa au kugawiwa. Jiulize kama ungenunua vazi hilo au bunduki hiyo peke yake kwa pesa taslimu. Bunduki za bonasi zina ubaya wa ziada: ni nzuri kwa saa mbili za kwanza, zinakuondolea ugumu wa mwanzo ambao watengenezaji waliupanga kwa makusudi, kisha unazitupa.

Na zile siku chache za kucheza kabla ya wengine?

Hapa mtindo umebadilika. Zamani siku ya kutoka ilikuwa moja. Siku hizi anayelipa toleo la bei ya juu anaingia mapema, na wa toleo la kawaida anasubiri. Starfield ilifunguliwa kwa wenye toleo la juu tarehe 1 Septemba 2023 na kwa wengine tarehe 6. Unaweza kusema siku halisi ya kutoka ni ile ya kwanza, na walionunua toleo la kawaida ndio waliocheleweshwa.

Suicide Squad: Kill the Justice League ndiyo inayonichekesha hadi leo. Waliolipa dola 100 ili waingie mapema walianza New Zealand, kwa kuwa huko siku huanza kwanza. Punde wengine wakakuta gemu inawahesabu kwamba wameshaimaliza kabla hawajaicheza, na seva zikazimwa kwa saa kadhaa ili kurekebisha. Wakafidiwa kwa pesa za ndani ya gemu.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu Steam: tangu Aprili 2024, saa unazocheza katika kipindi hicho cha mapema zinahesabiwa kwenye zile saa 2 za kucheza ambazo ukizizidisha hurudishiwi pesa. Zamani ungeweza kucheza siku tatu na bado ukadai.

Nikighairi, nitarudishiwa pesa?

Inategemea duka, na hili ndilo swali unalopaswa kulijibu kabla ya mengine yote.

Steam ndiyo nafuu zaidi. Oda ya mapema unaweza kuighairi wakati wowote kabla gemu haijatoka. Ikishatoka una siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Unachagua pesa irudi ulikoitoa au ibaki kwenye pochi ya Steam.

PlayStation Store ina masharti makali kidogo. Ukiwa umelipa zaidi ya siku 14 kabla ya kutoka, unaweza kughairi hadi siku ya kutoka. Ukiwa umelipa ndani ya siku hizo 14, una siku 14 tangu ulipolipa, ila usiwe umeanza kuipakua gemu yenyewe. Konsoli nyingi zimewekwa zipakue zenyewe, kwa hiyo kama moyo wako bado haujatulia, zima mpangilio huo.

Nintendo kwa miaka mingi haikurudisha kitu. Chama cha kutetea walaji cha Ujerumani kilikwenda mahakamani kwa sababu hiyo, na mwaka 2020 Nintendo ikaanza kuruhusu Ulaya kughairi oda za mapema.

Sasa upande wetu. Ukilipa kwa kadi pepe kama M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa walianzisha Juni 2022, hakikisha huifungi kadi hiyo kabla suala halijaisha, kwani pesa hurudishwa kupitia njia uliyolipia. Steam yenyewe inasema njia za malipo za nje ya Marekani zaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Na dola inaporudi hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, ambacho mara nyingi si kile ulichonunulia. Ukilipa kwa kadi ya zawadi, usitarajie pesa mkononi: itarudi kwenye pochi ya akaunti, na huko utabaki kununua gemu nyingine.

Kama ulimpa pesa mtu wa WhatsApp akununulie kwa akaunti yake, masharti yote niliyoyataja hapo juu ni yake, si yako.

Dola ikipanda je? Si afadhali nilipe leo?

Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwani Steam haina bei ya shilingi ya Kenya wala ya Tanzania. Unalipa dola. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya. Gemu ya dola 69.99 ilikugharimu karibu shilingi 11,200, kabla ya makato ya kadi. Kufikia katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na gemu ileile ikawa shilingi 9,030 hivi. Aliyekimbilia kulipa Januari kwa hofu kwamba dola itazidi kupanda alipoteza zaidi ya shilingi 2,000.

Ingeweza kwenda upande mwingine, bila shaka. Lakini hata shilingi ikidhoofika kidogo, punguzo la kwanza la asilimia 30 au 40 linafunika hasara hiyo na kubakiza.

Na bei ya dola nayo si msahafu. Mwaka 2025 The Outer Worlds 2 ilitangazwa kwa dola 79.99, watu wakalipia, kisha Julai ikarudishwa 69.99. Waliolipa mapema wakaambiwa wafuatilie tofauti yao kwenye maduka waliyonunulia.

Kuna hatari yoyote inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki tu?

Ipo, na iliwakuta watu Mei 2024. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipo rasmi katika nchi nyingi, na Afrika Mashariki haikuwamo kwenye orodha. Gemu ikaondolewa Steam katika nchi na maeneo 177. Kelele zilipozidi Sony ililegeza sharti la akaunti, lakini siku chache baadaye Ghost of Tsushima, iliyokuwa itoke kwa kompyuta tarehe 16 Mei, iliondolewa katika nchi zilezile, na waliokuwa wameilipia mapema wakaona pesa zimerudishwa bila wao kuomba.

Mwaka 2025 Sony iliondoa ulazima wa akaunti kwa baadhi ya gemu zake za kompyuta. Hata hivyo, kabla ya kulipia gemu yoyote ya kompyuta ya Sony, soma sehemu ya mahitaji upande wa kulia wa ukurasa wake wa Steam: kama inataka akaunti ya kampuni nyingine, itakuwa imeandikwa hapo.

Nina kibanda cha gemu. Wateja wanataka FC mpya siku ileile.

Wewe lipia. Ushauri wa kusubiri ni wa mtu anayechezea sebuleni kwake. Kwako gemu ni mtaji. EA Sports FC, gemu ya soka, hutoka mwishoni mwa Septemba, ligi za Ulaya zikiwa zimeshachanganya, na vijana wanataka kumwona mchezaji aliyesajiliwa Agosti amevaa jezi yake mpya. Kibanda cha jirani kikiwa nayo na wewe huna, watahamia huko, na kuwarudisha ni kazi.

Hata hivyo usilipe zaidi ya inavyopasa. Toleo la juu huingia mapema kwa takriban wiki moja, lakini sehemu kubwa ya bei yake ni pointi za Ultimate Team, sehemu ya gemu ya kukusanya kadi za wachezaji, na mteja wako anayelipa kwa mechi hafungui pakiti za kadi. Anataka kuchagua timu na kumfunga rafiki yake. Kama ushindani mtaani kwako ni mkali kiasi kwamba wiki ile moja ina maana, piga hesabu ya mapato ya wiki nzuri, uone kama yanafidia tofauti ya bei. Kwa vibanda vingi toleo la kawaida linatosha.

Ukiweza, nunua diski. Gemu ya diski ya FC ina thamani ya kuuzwa tena hadi karibu na msimu unaofuata, na baada ya hapo hushuka ghafla. Uza Julai au mapema Agosti, usingoje Septemba ambapo kila kibanda kinauza.

Mchezaji wa nyumbani afanye kinyume cha haya. FC 24 na FC 25 zote zilipunguzwa bei karibu nusu msimu wa Black Friday wa Novemba, miezi miwili tu baada ya kutoka. Ukishindwa kuvumilia, EA Play, huduma ya EA ya kulipia kwa kipindi, hukupa saa 10 za kuijaribu.

Mimi ni wa eFootball. Ile ni bure, kwa hiyo hainihusu?

Iliwahi kukuhusu. PES, gemu ya soka ya Konami, ilipogeuzwa kuwa eFootball ya bure Septemba 2021, Konami ilikuwa imeuza mapema kifurushi cha wachezaji kwa ajili ya toleo la 1.0, yaani lile lililokamilika. Gemu ilitoka katika hali ya aibu, Konami ikaomba radhi, toleo la 1.0 likasogezwa hadi 2022, na walionunua kifurushi wakarudishiwa pesa. Gemu ya bure inaweza kukuuzia kabla ya wakati kama nyingine yoyote.

Intaneti yangu ni ya bando. Si nilipe mapema ili nianze kupakua kabla?

Hii ni mojawapo ya sababu chache za kweli. Gemu kubwa za leo hupita GB 100 bila wasiwasi, na maduka huruhusu aliyelipa aanze kupakua siku chache kabla, ili saa ikifika acheze. Kama unapakua usiku kwa bando la usiku, inaweza kukuchukua wiki nzima.

Usilipe miezi mitatu kabla, lakini. Subiri upakuaji wa mapema ufunguliwe, uone kama wahakiki wameshasema kitu, ndipo ulipe. Na kumbuka kwamba siku ya kutoka huwa kuna sasisho jingine kubwa juu ya lile ulilopakua, kwa hiyo usimalize bando lote.

Nikiagiza diski dukani?

Maduka mengi ya Nairobi na Dar es Salaam huleta diski kupitia Dubai, na yanapokuomba arbuni yana sababu ya haki: wanataka kujua walete ngapi. Hapa oda ya mapema inafanya kazi yake ya asili. Toa arbuni, usimalize bei yote. Dai risiti yenye jina la gemu, aina ya konsoli, toleo na tarehe, pamoja na kile kitakachotokea gemu ikiahirishwa. Uliza pia diski inatoka eneo gani, kwani nyongeza utakazonunua baadaye kwa akaunti ya Marekani huenda zisikubaliane na diski ya Ulaya.

Diski nayo si lazima iwe na gemu ndani. Ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya PS5, mwaka 2022, ilikuwa na MB chache tu. Mengine yote ulipakua.

Konsoli yenyewe je?

Konsoli ni kitu cha kushikika na huisha kweli. PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilichukua muda mrefu sana kupatikana kwa bei yake halali, na walanguzi walineemeka. Kama una mtu wa kuaminika Dubai, London au Marekani, na unaitaka siku za mwanzo, weka oda. Steam Deck ilifanya kwa staha zaidi: kuanzia Julai 2021 watu waliweka dola 5 tu kushika nafasi, wakalipa baki zamu yao ilipofika.

Na GTA VI?

Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023 ikisema 2025. Kisha ikawa tarehe 26 Mei 2026. Novemba 2025 Rockstar, watengenezaji wake, wakaisogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Pesa ya mtu aliyekuwa na haraka ingekuwa imelala kote huko.

Jambo la muhimu zaidi: gemu imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. GTA V nayo ilianza kwenye konsoli Septemba 2013 na kufika kompyuta Aprili 2015. Mtu anayekuuzia oda ya GTA VI ya kompyuta, ya PS4 au ya simu anakuuzia hewa, hata kama ana picha nzuri na bei nafuu.

Kama unajua kwamba utainunua kwa vyovyote vile na wenzako wote watakuwa humo wiki ya kwanza, lipia siku moja kabla. Gemu ya kupakua haitaisha. Kitakachoelemewa ni seva za duka: Hollow Knight: Silksong ilipotoka tarehe 4 Septemba 2025 kwa dola 20, bila oda za mapema, Steam na maduka ya konsoli yaliyumba kwa wingi wa watu. Nao walioikosa saa ya kwanza waliipata jioni.

Kuchangia gemu ambayo bado inatengenezwa ni jambo lilelile?

Hapana, ni hatari zaidi, ingawa baadhi ya gemu bora zimepita huko. Baldur's Gate 3 iliuzwa ikiwa haijakamilika kuanzia Oktoba 2020 na ikakamilika Agosti 2023. Star Citizen imekusanya zaidi ya dola milioni 700 tangu 2012 na bado haijafika toleo la 1.0. Tofauti ni kwamba Baldur's Gate 3 ilikuwa na sehemu kubwa ya mwanzo ya kucheza siku ile ulipolipa. Lipia kile kilichopo. Usilipie ramani ya miaka ijayo.

Gemu ikifeli kabisa, si watanirudishia tu?

Ikifeli kabisa, pengine. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, ikazimwa tarehe 6 Septemba, na wanunuzi wakarudishiwa pesa zao. Gemu ya kuogopa ni ile isiyofeli: inawaka, haigandi, inachosha tu baada ya saa tano. Hiyo hakuna duka litakalokurudishia chochote, na ndiyo aina iliyo nyingi sokoni.

Nimeshalipia. Sasa nifanyeje?

Andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya mwisho ya kughairi, na uweke kengele siku mbili kabla. Hifadhi barua pepe ya malipo. Zima upakuaji wa moja kwa moja. Siku ambayo wahakiki wanafunguliwa, tafuta anayecheza kwenye mashine kama yako, si iliyo bora kuliko yako. Asipokuwepo hata mmoja, ghairi, kisha uangalie tena baada ya wiki. Ikiahirishwa, ghairi pia hata kama bado unaitaka; nafasi yako haitachukuliwa na mtu.